Kiti cha Katikati

Barisa alipofariki nilikwenda Garsen kuwapa pole watoto wake, na kabla sijamaliza kuvua viatu mlangoni, mzee mmoja aliyekaa kwenye mkeka alimgusa mwenzake, akamwambia, "Huyu si yule fundi wa kufungiwa?" Wakacheka wote wawili kwa sauti ya chini, namna watu wanavyocheka msibani, nami nikacheka nao. Nimeishi kwa kazi ya sauti tangu ujana. Nimefunga vipaza sauti katika misikiti, makanisa na kumbi za harusi kuanzia Madogo nilikokulia hadi Kipini, na ziko sehemu ninakoheshimiwa kwa kazi hiyo. Garsen mimi ni fundi wa kufungiwa tu. Nilikaa, nikaletewa chai ya maziwa, nikawasikiliza wakimtaja marehemu: ng'ombe wake, mkono wake uliokuwa wazi kwa wageni, hasira zake zilizokwisha haraka. Chumba alichonipa nyuma ya duka lake hakuna aliyekitaja. Nilipotoka nilizunguka nyuma ya lile lililokuwa duka lake la redio na televisheni, ambalo sasa linauza simiti na mabati, nikaona dirisha dogo bado limezibwa kwa matofali. Matofali yale niliyapanga mimi, kwa hiari yangu, mwaka wa mafuriko.

Chumba kilikuwa stoo kabla ya kuwa changu. Kilikuwa na upana wa kutosha kitanda, meza na mtu mmoja asiyenyoosha mikono. Kuta nilizifunika kwa magodoro ya sponji yaliyolowa kwenye lori na kukataliwa na wanunuzi. Yalikuwa na harufu ya uvundo ambayo baada ya wiki chache sikuisikia tena, ila watu walioingia waliisikia mara moja na kushika pua. Darini nilitundika mablanketi. Bati likipata jua, mablanketi yalilishika joto na kuliteremsha polepole, hivi kwamba mchana, saa ambazo watu wengine walitafuta kivuli, mimi nilikuwa ndani ya kitu kama tanuri lenye kompyuta. Feni sikuweza kuiwasha kwa sababu ilisikika kwenye maikrofoni. Jenereta ilikaa uani, mbali kadiri waya ulivyoruhusu, na bado mngurumo wake ulipita ardhini na kunifikia miguuni.

Kuhusu kufungiwa, ukweli ni mdogo kuliko hadithi. Barisa alipokwenda kuswali au kula kwake, alishusha geti la duka na kutia kufuli, nami nikabaki ndani kwa sababu chumba changu hakikuwa na mlango mwingine. Mara ya kwanza nilimuuliza kama amesahau kwamba nimo. "Sijasahau," alisema. "Wewe sikufungii. Mimi nafungia kompyuta. Wewe uko tu hapo." Nilikuwa na umri wa kijana anayeona kila kitu kuwa ni cha muda, nikakubali. Mkewe aliniletea chakula kupitia nondo za geti, wali na nyama katika sahani ya bati ambayo haikupita ikiwa imelala, kwa hiyo aliinamisha kidogo nami nikakinga mchuzi kwa kiganja. Watu waliopita barabarani waliona hayo. Hapo ndipo jina lilipoanzia.

Kazi yenyewe ilitokana na shida ya biashara. Zile seti za DVD zenye spika sita zilikuwa ngeni, na Barisa alileta shehena yake kutoka Mombasa akiamini zitauzwa haraka. Kila seti ilikuwa na spika tatu za mbele, mbili za nyuma na sanduku moja la besi. Alipanga moja katikati ya duka, akaweka kiti cha plastiki mahali palipoonyeshwa na kitabu cha maelekezo, yaani katikati ya spika zote, na kila mteja alikaa pale akasikilizishwa diski iliyokuja na seti, yenye ndege inayopita juu na mvua ya nchi nyingine. Walipenda. Kisha waliuliza swali moja: "Na hizo za nyuma ni za nini?" Walitaka za mbele peke yake. Barisa akaamua kwamba dawa ni diski ya hapa hapa. "Mimi nataka hivi," aliniambia, akikaa mwenyewe kwenye kile kiti na kuonyesha nyuma ya kichwa chake kwa dole gumba. "Mtu akae hapa, asikie watu ya kwao wamemzunguka. Aseme, hii nyuma nikiacha, nimeacha nusu ya watu yangu. Hii kitu iko na spika sita. Mimi nataka sita yote iongee, mwanzo mpaka mwisho."

Nilikuwa nimejifundisha kuchanganya sauti kutoka kurasa za mtandaoni nilizochapisha Malindi, ambazo nyingine nilizielewa baada ya kuzisoma mwaka mzima. Mwalimu sikuwahi kuwa naye. Kwa hiyo Barisa aliponiahidi kwamba shemeji yake Guyo, ndugu wa mkewe aliyekuwa na studio Mombasa, atakuja kuisikiliza diski na akiridhika atanichukua, niliona kwa mara ya kwanza mlango wa kupitia. Katika studio ya Guyo walikuwepo watu waliofanya kazi hii kabla yangu na ambao ningeweza kuwauliza. Sijui kama mtu aliyesoma darasani anaweza kuelewa njaa ya mtu asiye na wa kumuuliza. Nilijiambia nitafanya diski moja, wiki chache tu, kisha niende.

Mto ukajaa. Maji yalikata barabara ya Malindi, kisha ya Hola, kisha ya Lamu, na Garsen ikabaki kama meza katikati ya maji ya kahawia. Guyo hakuweza kuja wala mimi kutoka. Sukari iliisha, kisha unga, tukala wa msaada wenye ladha ya gunia. Watu wa vijiji vya mtoni waliletwa kwa mashua na kupewa madarasa ya shule walale, na miongoni mwao walikuwa akina mama wa kwaya moja kutoka kijiji cha Hewani. Barisa aliwasikia wakiimba walipokuwa wakipika uani mwa shule, akaja mbio kuniambia nichukue vifaa. Nilimuuliza kama yeye, Mwislamu, haoni vibaya kuuza kwaya. Alifikiri. "Huo wimbo nimesikiliza," alisema. "Hakuna kanisa ndani yake. Kuna mtumbwi tu."

Ilikuwa kweli. Ulikuwa wimbo wa mtu aliye ukingoni anayeomba mtumbwi, na wenzake walio ng'ambo wanamwitikia. Kiongozi alikuwa Habona, mwanamke mrefu wa makamo mwenye sauti kavu, isiyo na mapambo, aliyeimba kama mtu anayetoa taarifa. Msaidizi wake, Mama Jilo, alikuwa na sauti nene na maneno mengi. Chumba hakikuwatosha wote, basi niliwarekodi wawili wawili, wakibanana, kila mmoja na maikrofoni yake, na Habona peke yake. Hilo halikuwa rahisi. Nilimvisha vipokea sauti masikioni, nikafunga mlango wa chumba, nikampa ishara, naye akanitazama tu. "Naimba na nani?" aliuliza. Nilimweleza kwamba wenzake nitawaongeza baadaye. Mama Jilo akapiga kelele kutoka dukani, "Mwambie awaongeze na samaki, tumechoka na unga wa msaada!" Kicheko kikaingia kwenye rekodi, nikafuta, tukarudia. Habona alitoka ameloa jasho, akaketi sakafuni mwa duka karibu na geti, ambapo palikuwa na upepo kidogo, akasema, "Wewe unaweza vipi kukaa mle?" Nilisema nitaondoka karibuni. Akasema, "Eh," kama mtu anayesikia bei asiyoiamini.

Nilipanga sauti zao kwa utaratibu wote nilioujua. Habona nilimweka mbele katikati. Waitikiaji niliwagawa nyuma, kushoto na kulia, nikawaongezea mwangwi kidogo ili wawe mbali. Mtu akikaa kwenye kiti alimsikia Habona akiita mbele yake na akina mama wakimjibu kutoka nyuma ya mabega yake, wazi kabisa, kama kitabu kilivyotaka. Spika sita ziliongea mwanzo mpaka mwisho. Barisa alikaa, akasikiliza, akafumba macho. "Sasa hii," alisema. Aliwaita watu wa sokoni waje, wakaja, wakakaa kwa zamu, na karibu wote waligeuza shingo waitikiaji walipoanza, kisha wakacheka kwa kushangaa.

Habona alipokaa hakugeuza shingo. Alishika pembe za kiti kwa mikono miwili. Katikati ya wimbo alisema, "Zima," na sikumsikia vizuri, akasema tena kwa nguvu, "Zima, fundi!" Nilizima. Nilidhani spika zimemuumiza masikio. Alikuwa ameinua miguu yake kutoka sakafuni, kidogo tu, na alipoona namtazama akaishusha.

"Umeniweka majini," alisema.

Sikuelewa. Mimi ni mtu wa Madogo. Kwetu mto unavukwa kwa daraja, na anayetaka kwenda Garissa huenda. Ilibidi Mama Jilo anieleze, tena kwa namna mtu mzima anavyomweleza mgeni mahali pa choo. Kwao, mtu akifika ukingoni na mtumbwi uko ng'ambo, anaita. Mwenye mtumbwi anaitika. Haitiki mara moja akanyamaza; anaendelea kuitika njia nzima, kila anapopiga kafi mara kadhaa, ili aliyeita asidhani amerudi au amechukuliwa na mkondo. Sauti inakuja inakaribia mpaka mtumbwi unagusa matope, ndipo kuitika kunakoma. "Wimbo ni huo," alisema. "Sasa wewe umemwacha Habona kule, sisi huku, tunaitana mpaka tunazeeka. Mtumbwi haufiki. Na huyu uliyemkalisha kwenye kiti yuko wapi? Hayuko kwetu, hayuko kwake. Yuko katikati ya mto, anakunywa maji."

Barisa alicheka sana. Habona hakucheka. Ndipo nilipojua, kwa maneno machache aliyoyasema akitazama geti, kwamba usiku ambao maji yaliingia Hewani alikuwa amekaa juu ya paa la nyumba yake, akiita, na watu walimjibu kutoka pande zote, ng'ambo na huku, naye hakuweza kujua yupi anakuja na yupi anajibu tu. "Wote walikuwa mbali sawasawa," alisema. "Kama hizi spika zako." Kisha akaniomba, kwa adabu, nisimwachie wimbo wake hivyo watu wakaununua. "Mwanangu, nivushe," alisema. "Mtu aliyeita achukuliwe. Usiniache natangazwa Garsen nzima bado niko majini."

Leo naweza kueleza kosa langu kwa lugha ya kazi: nilikuwa nimeshughulikia upande na kusahau kwamba umbali hubadilika. Siku zile nilijua tu kwamba kila kitu kilikuwa mahali pake na kwamba kilikuwa kibaya. Nilianza upya. Sauti iliyo mbali hupoteza kwanza makali ya konsonanti, kisha pumzi. Nikatumia hayo, nikawafifisha waitikiaji mwanzoni na kuwarudishia ukali na pumzi kidogo kidogo kadiri walivyokaribia. Tatizo kubwa lilikuwa kuwavusha. Kati ya spika za nyuma na za mbele hapakuwa na spika ubavuni, kwa hiyo sauti niliyoisogeza ilifika usawa wa sikio, ikapotea, kisha ikaibukia mbele kama mtu aliyeruka. Nilihangaika na shimo hilo siku nyingi, mlango umefungwa, magodoro yananuka, maji bado yamesimama barabarani. Wakati mwingine Barisa aliporudi kufungua geti nilikuwa sijagundua kwamba alikuwa amelifunga. Mwishowe nilisikia kwamba kila mama anavuta pumzi mahali pake, si wote kwa pamoja. Nikaanza kumvusha kila mmoja anapovuta pumzi. Sikio halina cha kushika wakati huo. Mtu alinyamaza nyuma na kuendelea mbele, na wimbo haukukatika. Mmoja mmoja, walipita kando ya kiti wakajiunga na Habona, Mama Jilo wa mwisho. Ubeti wa mwisho waliuimba wote wakiwa mbele. Nyuma hapakubaki mtu.

Nafahamu sasa nilichokuwa nimetengeneza: diski ya kuuzia spika za nyuma, ambayo mwisho wake spika za nyuma zimekufa. Siku zile pia nilifahamu. Nilidhani tu kwamba mtu wa studio atasikia.

Maji yalishuka, barabara ya Malindi ikafunguliwa, na Guyo akaja. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye viatu ambavyo matope ya Garsen yalivichukua mara aliposhuka garini. Alikaa kwenye kiti, akakunja nne, akasikiliza kwa umakini ambao sikuwahi kuuona kwa mtu mwingine. Sauti zilipoanza kusogea alitabasamu. Nilihesabu kwamba nimekwisha kuondoka. Kisha ukaja ubeti wa mwisho, naye akainuka, akapiga magoti nyuma ya kiti na kuweka sikio kwenye spika moja, halafu nyingine. Akavuta waya kuona kama umelegea.

"Hizi zimekufa, bwana," alisema.

Nilimweleza. Nilieleza mtumbwi, kuitika, ukingo, pumzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na sikuona dharau yoyote usoni mwake. "Kazi nzuri," alisema. "Kweli kabisa, nzuri. Lakini shemeji yangu auze nini? Mteja atafika mwisho wa wimbo, atasema spika zako mbovu. Sikia, kijana. Ongeza kitu huko nyuma mpaka mwisho. Waache wawili watatu waendelee kuitika. Weka hata ndege wakilia. Kesho asubuhi nageuza gari, uje nami." Barisa aliongezea, "Ndege iko mingi hapa. Toka nje, rekodi."

Nilirudi chumbani. Ilikuwa kazi ndogo. Mama Jilo na wengine wawili niliwarudisha nyuma kabla ya kahawa ya Guyo kupoa, nikauleta mchanganyiko huo dukani na kukaa kwenye kiti mimi mwenyewe, jambo ambalo kwa kawaida nililiacha mpaka mwisho. Wenzao wakavuka. Hao watatu wakabaki wakiitika nyuma yangu, karibu sana, wala hawakuja. Nimejaribu kwa miaka mingi kusema kwamba nilichofanya baada ya hapo kilikuwa msimamo, na siwezi, maana hakikuwa na kiburi wala ushujaa. Kilikuwa kama kukataa kuacha skrubu moja imelegea. Nilijua mahali ilipo. Kesho yake asubuhi nilimwambia Guyo kwamba diski ni ile aliyoisikia jana. Akaniuliza mara mbili kama nimeelewa maana yake, nikasema nimeelewa. Alinipa mkono, akaingia garini.

Adhuhuri Barisa alisimama mlangoni mwa chumba. "Usije ukasema Barisa alikufungia," alisema. "Leo umejifungia mwenyewe." Aliagiza nitengeneze diski nyingine, ya ndege na mvua na ng'ombe wakipita nyuma, na niliitengeneza, na ndiyo iliyouza zile seti, na kwa ajili yake akanipa nyingine, na nyingine. Sikuona studio ya Mombasa mpaka nilipokuwa na mvi, na wakati huo walikuwa wananiuliza wao. Lakini hayo yalikuja baadaye sana.

Mchana ule ule Habona na Mama Jilo walipita kuaga. Lori la kuwarudisha Hewani lilikuwa linapakia. Barisa alimwonyesha Habona kiti kwa hasira nusu na mzaha nusu. "Kaa, mama. Sikia kitu uliyomharibia huyu kazi." Habona alikaa. Nilicheza wimbo. Mikono yake ilikuwa mapajani. Wenzake walipoanza kumpita alifuata kila mmoja kwa macho, kana kwamba anawaona wakishuka, na Mama Jilo aliposikia sauti yake mwenyewe ikiwasili wa mwisho alisema, "Mimi huyo, mzigo mzito," na Habona akamnyamazisha kwa kidole. Wimbo ulikwisha. Alibaki ameketi kidogo, akisikiliza nyuma yake ambapo hapakuwa na kitu.

"Haya," alisema. "Nimefika." Alisimama, akakaza leso kiunoni, kisha akanitazama, na mlango wa chumba ulio wazi nyuma yangu, na magodoro. "Na wewe, fundi, nani anakuja kukuchukua?"

Nilitaka kumjibu. Nilizima mashine kwanza, kama nilivyozoea, kisha nikaenda uani kuzima jenereta. Katika kimya kilichofuata nilisikia lori likipiga honi shuleni, nyayo zao zikienda haraka, na dukani sauti ya Barisa, mchangamfu tena, akimwambia mteja asiwe na wasiwasi wa kuharibikiwa, kwani fundi yupo hapa hapa, fundi haendi popote.